Mto wa Sufi na Mzigo wa Ndarugu

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Nimelala Mombasa, Kitale, Kisumu na Moshi, na kote huko nimebeba mto mmoja wa kulalia, mwembamba, wa kitambaa cha mistari kilichofifia. Watu huniuliza, mtu asiye na hata sufuria yake mwenyewe anabebaje mto? Nitakuambia kwa nini, na sitaongeza chumvi, maana jambo lenyewe lilinitosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kuelekea mwisho wake. Nilikuwa kijana, Mkamba wa kutoka Yatta, nabeba magunia ya kahawa katika kiwanda cha shamba moja la Ruiru. Tulilala vyumba vya mabati, vitanda vya mbao, na mto wangu ulikuwa gunia lililokunjwa. Asubuhi moja niliamka shingo imekaza kama gogo. Nikitaka kutazama kushoto, nageuka mwili mzima. Kutazama juu ndiyo kabisa, haiwezekani. Wenzangu wakanibandika jina la Nguruwe, kwa kuwa nguruwe haoni mbingu mpaka siku ya kuchinjwa.

Nikavumilia wiki nzima. Ijumaa nyapara akaniita. "Jumatatu usipoweza gunia, rudisha ufunguo wa chumba."

Kweli, nilipenda kuhama. Lakini kuhama kwa kupenda, si kwa kufukuzwa na shingo yangu mwenyewe! Na mtu wa shingo mbovu, nani angemwandika kazi?

Pale langoni pa kiwanda palikuwa na mama mmoja akiuza uji, Mama Wairimu. Akanitazama ninavyokunywa nimenyoosha shingo kama bata. "Kijana, ugonjwa wako ni hilo gunia unalolalia," akasema. "Nenda Thika ukanunue mto wa watu."

Jumamosi alfajiri nikashika njia kwa miguu. Nilipofika daraja la Mto Ndarugu jua lilikuwa limechomoza, na kando ya barabara alisimama mwanamke wa makamo, kuni mgongoni, ukanda wa ngozi umepita juu ya paji la uso kama wabebavyo Wakikuyu. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Uso ameuinamisha. Kivuli chake kirefu kililala upande wa magharibi.

"Nitue, kijana," akasema.

Unajua desturi. Kwao, kama kwetu, mwanamke mwenye mzigo akikuomba umtue, unamtua, hata kama hamjuani. Lakini mimi niliwaza Jumatatu.

"Nisamehe, mama. Shingo yangu ni mbovu."

"Na hii yangu?" Akacheka, cheko kavu. "Haiya! Mkamba mzima, anaogopa kuni."

"Nitakutua nikirudi."

"Wote husema hivyo."

Nikapita. Niamini, maneno hayo yaliniuma mpaka Thika.

Kule Thika, fundi Mhindi wa magodoro alinitandikia mkeka dukani, akaniwekea mito nijaribu. Wa manyoya ya kuku ulinimeza mpaka masikio. Wa katani ulikuwa kama kulalia ufagio. Ya sufi, ile pamba ya msufi, ilikuwa miwili, mmoja mwembamba, mwingine umejaa ukavimba kama mgeni aliyeshiba. Niliuminya huo mnene kwa mkono, nikaupenda papo hapo. Nilifikiri shingo yenye maumivu inataka kuinuliwa juu.

"Chukua nyembamba, ndugu," fundi akasema. "Hiyo ya kupamba kitanda cha arusi."

Nikakataa. Mwembamba nilikuwa nao nyumbani, si ndilo gunia? Nikalipa, nikautia mto kwapani.

Saa tisa alasiri nilirudi Ndarugu. Yule mwanamke alikuwa pale pale, hajasogea hata unyayo. Na sikiliza vizuri hapa: jua sasa lilikuwa magharibi. Kivuli changu kilielekea mashariki, vivuli vya nguzo za daraja vilielekea mashariki. Kivuli chake kililala kule kule nilikokiacha asubuhi.

Ungefanya nini? Mimi nilitaka kukimbia, lakini nilikuwa nimeahidi kumtua.

"Umerudi," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza.

Nikaweka mto chini. Nikapita nyuma yake, nikashika mzigo kwa mikono miwili, nikijua kabisa shingo itavunjika na Jumatatu yangu imekwisha. Nikainua. Uzito wake siwezi kukueleza. Si wa kuni ule. Mto Ndarugu ulinyamaza, haki ya Mungu, maji yanaonekana yakienda lakini hayana sauti. Kitu kikalia ko! nyuma ya shingo yangu. Halafu mzigo ukafika majani, na maji yakaanza kusema tena.

Mwanamke alivua ukanda. Paji lake la uso lilikuwa na mfereji, ungeweza kulaza kidole ndani. Akainua kichwa polepole, polepole, akatazama juu.

"Kumbe bado liko," akasema. Alikuwa anazungumzia anga.

Kisha akauokota mto wangu. "Huu umeuchagua kwa mkono. Mkono ndio unaolala?" Akang'ata mshono kwa meno, akawa anatoa sufi konzi kwa konzi na kuiachia. Hapakuwa na upepo, lakini ile sufi haikuanguka, ilipanda. Ilipanda juu ya daraja, juu ya miti, nyeupe, ikiwaka jua, nami nikaifuata kwa macho mpaka ikapotea.

Ndipo nikagundua kwamba natazama juu!

Nilipoteremsha macho sikuona mtu. Zile kuni zilikuwa vumbi la mchwa. Kilichobaki ni mto, umepungua nusu, na ukanda wa ngozi wenye kiraka cheusi.

Nilimpelekea Mama Wairimu ule ukanda jioni ile, maana ndiye aliyenituma Thika, nikamsimulia yote. Alikishika kiraka, akakaa chini.

"Alikuwa peke yake? Na siku hizi za hali ya hatari ya Mzungu, ni mwanamke gani anayeruhusiwa kwenda kutafuta kuni peke yake? Hukujiuliza?" Akakigeuza kiraka kwenye mwanga. "Kiraka hiki nilikishona mimi, nikiwa msichana. Mwaka wa njaa mama yangu alikwenda Ndarugu. Walimkuta ameegemea jiwe, wima, amekufa na mzigo mgongoni. Watu wa zamani waliogopa kugusa maiti. Wakazunguka njia nyingine. Hakuna aliyemtua."

Kisha akaniuliza, "Alitazama juu?"

"Alitazama, mama."

Akauweka ukanda mapajani, na uji ukaungua bila yeye kugeuka.

Jumatatu nilibeba magunia mpaka nyapara akaenda kumsimamia mwingine. Shingo haijaniuma tena, na sasa nimepita arobaini. Lakini kila jioni ninapotaka kulala, mto huu hata niukung'ute vipi, naukuta na shimo la kichwa katikati, na shimo hilo lina joto. Siogopi. Nalala upande mmoja, mwingine namwachia mwenye mzigo.

Basi wewe mwenye shingo mbovu, chukua mto mwembamba, na uchague ukiwa umelala. Na mtu akikuambia "nitue", usimjibu "nikirudi". Mimi nilirudi nikamkuta bado amesimama. Wewe huenda usimkute.