Kaseti Iliyozibwa kwa Kitambaa cha Kofia

Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kutoka Maskati na begi zito, na kama ilivyo desturi ya watu wa huko, nusu ya begi ilikuwa halua, na nusu nyengine dawa za magoti. Alipomaliza kugawa, akatoa kaseti moja iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa akisafisha kabati la marehemu baba yake, ambaye ni mjomba wangu, akaikuta. Juu yake paliandikwa jina langu kwa hati ya mjomba. Nikaigeuza. Vile vitundu viwili vya ukingoni vilikuwa vimezibwa kwa vipande vya kitambaa cheupe cha kofia, kilichokwisha kupata rangi ya chai ya maziwa. Hapo nikakaa chini, maana nilijua ni mkono gani ulioziba.

Wewe wa rika langu huhitaji kuelezwa, lakini vijana wetu wamezaliwa juzi. Kaseti ya dukani ilikuja imevunjwa vitundu ili isifutike. Ukitaka kurekodi juu yake, unaviziba kwa karatasi au pamba, unabonyeza vidude viwili kwa pamoja, na yaliyokuwemo yanaondoka. Jamaa zetu wa Arabuni na sisi tuliandikiana hivyo. Nani alikuwa na subira ya kalamu? Mtu alikaa mbele ya redio kaseti, akapiga salamu, akasema mpaka akachoka, na kaseti ikapewa msafiri. Tuliziita barua, na hatukusema tumeisoma barua, tulisema tumeisikia.

Tulikuwa tukiishi Michenzani, ghorofa ya nne, mimi na bibi yangu. Mama alikuwa ameolewa Wete. Bibi alihamia pale baada ya nyumba yao ya Mji Mkongwe kuanguka ukuta mmoja wakati wa masika, na hakuacha kulalamika kwamba binadamu hakuumbwa alale juu ya kichwa cha jirani. Maji hayakufika juu. Kila asubuhi nilishuka na ndoo mbili na kupanda nazo, na nilizijua ngazi zile hata kwa nyufa zake. Lakini upepo wa dirishani ulikuwa mtamu, na chini kwa jirani kulipopikwa mkate wa kumimina, harufu ya hiliki ilipanda yenyewe bila ya kualikwa.

Bibi alishona kofia. Kofia za viua, zile za mkono, ambazo kila kitundu hutobolewa kisha huzungushiwa uzi mpaka kikakaza. Kofia moja ilimchukua miezi. Alikaa karibu na dirisha, mguu mmoja ameunyoosha, miwani imefungwa kwa uzi uleule wa kofia, na redio kaseti pembeni, kwani bila ya sauti mkono wake haukwenda. Hata kazi yake aliipima kwa kaseti. Ukimuuliza kofia imefika wapi, atakwambia imebaki pande mbili. Ulikuwa ndio utaratibu wa wanawake wote wa ngazi yetu, na sikumbuki kuona saa ya ukutani katika chumba cha mshona kofia yeyote.

Mwaka ninaousema mimi nilifeli mtihani wa kidato cha pili. Majina yalibandikwa ukutani pale skuli, nikalisoma lile karatasi mara tatu, kisha nikaenda nyumbani nikalala kifudifudi. Kufeli wakati ule kulikuwa ndio mwisho, mlango unafungwa na wewe uko nje. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nikaacha kusema. Si kwamba niliamua. Maneno tu hayakutoka. Mtu akinisalimu naitikia kwa kichwa. Bibi hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi na kipande cha kitambaa, akanambia nitoboe.

Ndipo lilipoletwa sanduku. Mjomba alikuwa dereva huko Maskati, na barabara ndefu za jangwani zilimfundisha kununua kaseti za watu wenye hekima zao. Aliposikiliza akashiba, alizituma kwa bibi azifute arekodie barua. Zilikuwa kama thelathini. Mmoja alikuwa mzungu mwenye sauti nzito, anafundisha kwamba mtu huwa vile anavyojifikiria. Palikuwa na mwanamke anayesema taratibu, anafundisha kukaa kimya na kuhesabu pumzi. Palikuwa na shekhe mmoja wa mbali, naye akitoa darsa za subira na shukrani kwa Kiingereza. Kwenye vibandiko paliandikwa kuwa wote hao ni waandishi wa vitabu, lakini vitabu vyenyewe sikupata kuviona. Kwangu wao walikuwa ni sauti tu.

Siku ya mwanzo bibi alimtia mzungu ndani ya redio, akamsikiliza kidogo, akapenda sauti yake. Akasimamisha kaseti.

"Wewe umekwenda skuli," akanambia. "Anasemaje huyu?"

Sasa mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa sielewi hata robo. Kiingereza changu kilikuwa cha kukariri, na yule bwana alikuwa akienda mbio. Nilisikia neno moja tu nililolijua, nalo ni kufeli. Nikaona haya kusema sijui, kwani kutojua ndiko kulikonitoa skuli. Basi nikafungua mdomo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nikasema: anasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Bibi akatikisa kichwa. Akasema huyu mzungu ana akili. Akabonyeza, kaseti ikaendelea.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Kila baada ya alasiri, chai ya mchaichai ikishateremshwa, bibi anasikiliza, anasimamisha, ananitazama. Nami nampa. Nilizichota zile methali zake mwenyewe alizonilelea, nikazitia kinywani mwa wageni. Yule mwanamke wa pumzi nilimsemesha kwamba subira yavuta heri. Mzungu nilimfanya aseme papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku moja nilimtolea hadithi nzima ya mfinyanzi na chungu chake, nimeitunga papo hapo, na bibi akacheka mpaka akajidunga sindano. Nilipanda ngazi na ndoo zangu nikiwa natunga ya kesho. Nikaanza kuwaitikia majirani.

Uwongo una miguu mifupi. Ghorofa ya chini yetu alikaa mwalimu mmoja wa kike, mkali, aliyefundisha Kiingereza skuli nyengine. Alikuja siku moja kuazima mbuzi ya nazi, akasimama mlangoni, akasikia kaseti kisha akanisikia mimi. Alipokea mbuzi, akamuaga bibi, akaniomba nimshukie nayo. Kwenye ngazi akasimama.

"Yule bwana hakusema hivyo hata neno moja."

"Nnajua, mwalimu."

Nilingoja anipeleke kwa bibi nikaumbuke. Badala yake aliniuliza kwa nini natoa methali nzuri namna ile na huku nimefeli. Nikalia. Akanipeleka kwake, akanipa kamusi iliyotoka jalada na daftari moja. Sharti lake lilikuwa hili: kila siku nisikilize kipande kidogo cha kaseti, nirudi nyuma, nisikilize tena, niandike alichosema mtu yule kweli, kisha nimfasirie bibi hicho hicho. Nikiweza kumaliza kaseti nne, yeye mwenyewe atakwenda kuniombea nifanye mtihani tena.

Hapo ndipo nilipowajua wale watu. Nilirudisha kaseti nyuma mpaka vidole vikaota sugu. Betri zikichoka nilizianika juani dirishani. Utepe ukimezwa na redio niliutoa taratibu, nikauzungusha kwa kalamu ya wino, na bibi akinisomea dua kana kwamba namtoa mtoto mwiba wa samaki. Na kumbe yule mzungu alikuwa na maneno! Alisema kushindwa ni habari, si hukumu. Niliandika sentensi hiyo asubuhi moja, nikaitafuta neno kwa neno kwenye kamusi, na ilipokamilika mbele yangu kwa Kiswahili nikahisi mtu kanifungulia dirisha. Mwanamke wa pumzi alinifundisha kutulia kabla ya kujibu. Shekhe alisema shukrani haingoji shida iondoke. Mpaka leo nawashukuru, watu ambao hawajui kama Michenzani ipo.

Tatizo likawa bibi. Kadiri nilivyofasiri sawasawa, ndivyo alivyozidi kubishana. Mzungu aliposema kila asubuhi usimame mbele ya kioo ujiambie kwamba unaweza, bibi alishusha kofia mapajani. Akasema hiyo ni kujisifu, na mbona hataji inshallah. Mwanamke wa pumzi, bibi alisema, amechelewa, sisi tuna nyiradi zetu za baada ya sala. Nilianza kuogopa kwamba atachoka nao.

Nilikuwa kwenye kaseti ya nne, nimebakisha upande wa pili, ilipoletwa barua ya mjomba. Tuliisikia pamoja. Baada ya salamu na habari za joto, mjomba akasema mkewe karibu atajifungua tena, na kwa kuwa mtoto, yaani mimi, amefeli na yuko nyumbani bure, bora apelekwe Maskati akawaangalie watoto. Ilikuwa kauli ya upole, ya mtu anayedhani anatoa msaada. Wasichana wangapi wa mitaa yetu walikwenda hivyo! Nilimtazama bibi. Alikuwa anatoboa kitambaa, kitundu baada ya kitundu, hakuinua uso.

Kesho yake alinituma Darajani ninunue mkate wa boflo na ndimu, na akanambia nisifanye haraka, jambo ambalo hakupata kunambia maishani. Niliporudi, barua yake ya majibu ilikwisha kwenda kwa msafiri. Na kaseti yangu ya nne haikuwepo. Bibi alizijua herufi za Kiarabu tu, na kwake kaseti zote zilikuwa sura moja. Alichukua iliyokuwa karibu. Nililia sana. Nilimwambia amenifutia mtihani wangu. Akanambia pole, kisha akanambia nikate ndimu.

Mwalimu hakujali kaseti tatu wala nne. Alikwenda kuniombea, nikafanya mtihani, nikafaulu. Habari ya Maskati haikutajwa tena, nami sikuuliza. Niliamini mjomba kapata mtu mwengine. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, na kofia yake ya mwisho ilibaki pande tatu.

Leo kazi yangu ni ukalimani. Nakaa ndani ya kibanda cha kioo, nimevaa vidude masikioni, na watu wakubwa wakisema nami nasema. Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, niliona kitabu cha yule mzungu kwa muuza vitabu vya mitumba, na picha yake nyuma. Mtu mwembamba, kipara, shingo ndefu. Nikasema kumbe ndiye wewe. Nilikinunua, nikakisoma, na kila sentensi ilikuja na sauti yake, na sindano ya bibi pembeni.

Redio kaseti sasa ni ya kutafutwa kwa tochi. Nilizunguka kwa mafundi wawili watatu wakanicheka, mpaka jirani mmoja mpenda taarabu za zamani akaniazima yake. Nikaitia kaseti. Ikakoroma kidogo, kisha bibi akatoka.

"Assalamu alaykum mwanangu. Mimi mzima, na mtoto mzima. Barua yako nshaisikia. Umesema skuli imemshinda. Haijamshinda. Huyu ndiye anayenifasiria kaseti zako. Mwanzo alikuwa hajui wasemalo, akichukua maneno yangu mwenyewe akimtilia mzungu kinywani, anadhani sijui. Mzungu gani anataja koleo na uhunzi? Nikamwacha, maana alikuwa hasemi na mtu, na kule kutunga ndiko kulikomrejesha. Sasa anafasiri kweli. Nnajua ni kweli, kwa sababu siku hizi mengine hayanipendezi. Mtoto wa hivi hendi kulea watoto. Anasoma. Tafuta mtu mwengine, wala usinune. Kaseti yako nimeifuta, nimeziba kwa kitambaa cha kofia, unisamehe. Wasalimie wote."

Nilisimamisha. Nililia tena, na safari hii si kwa sababu ya mtihani. Miaka yote nilimshukuru mwalimu, nikawashukuru wageni wa kwenye sanduku, na bibi nilimshukuru kwa malezi tu, kama kila mtu. Sikujua kwamba siku niliyokuwa Darajani nachagua ndimu, yeye alikuwa ananitetea mbele ya redio, peke yake. Na mjomba naye alikubali, akaihifadhi, akaandika jina langu juu yake. Sanduku halipo tena, na mwalimu kahamia Pemba. Kofia sasa zinashonwa kwa mashine, na wanaopanda zile ngazi wana simu masikioni, kila mtu na sauti yake, hakuna wa kumsimamishia mwenzake amuulize anasemaje.

Nikabonyeza tena ili nisikie kama bibi amesahau neno. Pakapita ukimya, kikalia kidude, na ghafla mzungu akatokea katikati ya sentensi, pale ambapo barua ya bibi iliishia na yeye hakufutika. Alikuwa anasema, kwa ile sauti yake nzito, kwamba mtu asiyejipenda hawezi kumpenda mwenziwe.

Nikasimamisha kaseti, kama tulivyozowea. Nikafasiri kwa sauti, neno kwa neno, bila ya kuongeza langu. Kisha nikangoja nisikie kama litampendeza.