Jasusi Aliyetafuna Kahawa

Mwaka 1986, sinema ya zamani ya vichekesho ya Kizungu ilioneshwa kwenye ukuta wa parokia, Kihanga. Jasusi alimchumbia binti ili ampeleleze baba yake, kisha akampenda kweli. Binti akamsamehe, na watu wakaangua kicheko.

Mukandekezi hakucheka. Leonidas, mumewe, naye alikuja kuchumbia hivyo hivyo. Alikaribishwa na kaka yake Mukandekezi, wakatafuna punje za kahawa pamoja kama ndugu, kisha akawaonesha askari njia ambayo kaka huyo alipitishia magendo kwenda Murongo, mpakani. Kaka alifia gerezani. Miaka sita ya ndoa Mukandekezi alijaribu kusamehe.

“Cheka basi, mama Xaveria,” Leonidas alimwambia. “Si mwishowe alimpenda?”

“Yule binti hakuzika mtu.”

Alibeba kigoda chake, akashika njia ya kwa mama yake, Ihanda. Hakurudi.