Maua ya Ukutani kwa Jerusha

Ryoba alikuwa na ugonjwa mmoja: kujisifia kitu asichokielewa. Ukuta wa nyumba yake kule Mabera ulimvimbisha kichwa kuliko ng'ombe wake wote. Mkewe, Jerusha, aliukandika kwa udongo na samadi, kisha akauchora kwa vidole maua mekundu yaliyowafanya wapita njia wasimame. Ryoba alikata miwa Awendo, na kila alipokuja nyumbani alimletea gunia la udongo mwekundu. "Mke wangu ana mkono," aliwatambia watu. Mkono huohuo ndio aliokuwa akiupinda mpaka Jerusha apige magoti.

Maana Ryoba alipiga. Alipiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa kiti, kwa chochote kilichokuwa karibu. Mama yake, Priscah, kikongwe mwenye jicho moja, aliishi boma hilohilo, na aliposikia kipigo kimeanza aliongeza sauti ya redio. Jicho la pili, alisema, lilitobolewa na pembe ya ng'ombe.

Mara ya kwanza Jerusha alikandika kwa aibu tu, kuficha damu iliyorukia ukutani. Kidole kikateleza, likatokea kitu kama ua. Akalitazama, akalia sana, na kifua kikawa chepesi. Tangu siku hiyo kila kipigo kilizaa ua.

Krismasi ilipokaribia, nyumba zote zikikandikwa upya, Ryoba alimleta Sainab, mwenye duka la vitambaa mjini Migori. Sainab alitaka Jerusha ampambie duka, akae kwake mwezi mzima. Jerusha karibu aruke kwa furaha. Mwezi mzima bila kupigwa!

"Na hii ya hapa chini, dada, ni maua gani?" Sainab akauliza.

Angedanganya, angekuwa mjini kabla ya giza. Lakini alikuwa amechoka, tena alichoka kabisa.

"Hiyo si maua. Hiyo ni meno yangu mbili. Ile kubwa ni mbavu. Na hii ndogo imejifunga ni mtoto. Alinipiga teke, mimba ikatoka."

Tabasamu la Ryoba lilikufa usoni. Alichomoa panga lake la miwa akaanza kuukata ukuta, mabonge yakaruka huku na huku. Jerusha akaliwekea lile ua dogo kiganja chake. Ryoba akashusha ubapa wa panga juu ya kiganja hicho, mifupa ikalia. Sainab akapiga mayowe. Ryoba akashusha tena. Ua bado lilikuwepo, limeingia damu, basi akatumbukiza mkono kwenye karai la udongo wa kukandikia lililokuwa kando ya ukuta, ili alifute mwenyewe.

"Ryoba! Toa mkono!"

Alikuwa Priscah. Kwao udongo wa kukandika, ukishatiwa maji, ni wa wanawake. Mwanamume akiushika, ni kama ametangaza kwamba nyumba yake haina mke. Ryoba aliujua mwiko huo tangu utotoni. Akasimama, mkono ukichuruzika, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Kikongwe akapiga magoti kando ya karai. Akachovya vidole, akachora kando ya ua dogo kiduara kibovu kilichopinda.

"Hii ni jicho yangu," akasema. "Baba yako na rungu."

"Mama," Ryoba akanong'ona, "ulisema ni ng'ombe."

"Nilisema. Na wewe ukakua ukimfuata baba yako."

Panga likamtoka mkononi. Priscah hakuliangalia. Alichovya tena, akachora mstari mrefu wa mguu uliowahi kuvunjwa, kisha mwingine ambao hakuueleza, machozi yakimtoka katika jicho lililobaki.

Jerusha, mkono umefungwa kwa mtandio wa Sainab, alitaka kuinama amsaidie. Priscah akamsukuma kwa kiwiko.

"Enda na huyu mama, akupeleke hospitali, na usirudi. Mimi nilibaki, nikamlea huyu. Hii ukuta nitamaliza mimi."