Msumari Chumbani kwa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Bi Ngazi. Fundi umeme, ngazi begani, koleo kiunoni, na kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. Wateja walimgombania. Mtu mmoja tu hakumkubali, naye ndiye ambaye Bi Ngazi alitaka kumpendeza kuliko wote: mama mkwe wake. Miaka miwili tangu harusi, mama bado alilalamika, "Mke wa mwanangu kazi yake kuparamia ngazi!"

Basi Bi Ngazi alipomfungia breka mpya, ile inayotambua cheche za waya ulioharibika na kukata umeme kabla moto haujashika, aliifunga kwa moyo wake wote. Wiki tatu mambo yalikuwa shwari. Kisha ikaanza kukata kila mara mama akiwasha pasi.

"Njoo uondoe kidude chako!" mama alifoka kwenye simu. "Nirudishie breka yangu ya zamani, haikuwa na kiherehere."

Bi Ngazi alifika mbio. Angeweza kuirudisha ile ya zamani, akasifiwa, akaenda zake. Lakini dalili ya mvua ni mawingu.

"Mama, ile ya zamani husubiri umeme uzidi. Hii inagundua hata cheche ndogo. Kuna waya umeumia ukutani. Pasi unapigia wapi?"

"Chumbani kwangu. Huko huna haja ya kuingia."

"Nyumba itaungua, mama."

Mama akapisha mlango, macho chini. Bi Ngazi akazima umeme wote, akaingia. Juu ya soketi ilining'inia picha kubwa: Bi Ngazi mwenyewe na mumewe siku ya harusi, wamecheka mpaka jino la mwisho. Akaishusha, akauvuta msumari. Ulikuwa mrefu kama kidole, ncha imeungua nyeusi. Ulikuwa umetoboa waya katikati.

"Umeitundika lini, mama?"

"Juzi." Mama akakohoa. "Nyundo niliazima kwa jirani. Usimwambie mumeo."

Bi Ngazi akacheka huku machozi yakimtoka. Furaha ilimjaa hata bisibisi ikamponyoka. Akabadilisha waya, akarudisha umeme, akachomeka pasi. Breka ikatulia tuli. Kisha akachukua msumari mpya na kuegemeza ngazi mbali na soketi.

Mama mkwe akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Paramia, mwanangu. Nimeshika."