Cheche Chini ya Blanketi

Mnisamehe kwanza mwandiko wangu. Nilisoma shule ya msingi tu, na kalamu kwangu ni nzito kuliko jembe. Pale nilipokosea herufi, someni polepole, mtanielewa. Lakini habari yenyewe sikuikosea. Ilinipata mimi, katika barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, wakati wa kupima pamba.

Yaya yangu Feza, dada yangu mkubwa, alikuwa amezaa, kisha homa ya uzazi ikamshika. Anakaa kijiji kimoja kupita Wamaza. Nilitembea kwa miguu mpaka Kasongo kumwita munganga wa dispensari, maana yeye ana pikipiki na dawa ya sindano. Nilifika miguu imevimba. Hakuniuliza mengi.

"Panda nyuma, shika sanduku ya dawa," akasema.

Sanduku tulilifunga kwa blanketi kisivunjike kitu ndani. Tukaenda vizuri mpaka mvua ikatupiga. Ilipokatika, kwenye mteremko mmoja wenye mianzi, pikipiki ikakohoa, ikafa.

Munganga akafungua buji, ile plagi ya kuwashia moto, akaipangusa, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akakanyaga kiki. Cheche ikaruka. Akairudisha mahali pake, akakanyaga: kimya. Akafungua tena: cheche iko. Akafunga: kimya. Mnaujua uchovu wa namna hiyo? Kitu kinakuonyesha kuwa ni kizima, halafu kinakataa kazi. Alikanyaga mpaka akaketi matopeni. Mimi nilikuwa namfikiri Feza.

Hapo akatokea mtu mwenye jembe begani, kama wale wanaotengeneza barabara.

"Yambo, munganga. Mbuzi yako ya chuma imegoma?"

"Kama umekuja kucheka, pita."

"Moto iko. Inapotea njiani tu, na mwangaza wa mchana unaificha. Mutoto, leta ile blanketi."

Nilikuwa na muhogo na samaki wa chumvi, nikamkaribisha kwanza, ndiyo adabu ya kwetu. Akatikisa kichwa.

"Chumvi niliacha zamani."

Nilidhani ni ugonjwa.

Tukajifunika mimi na yule mtu pamoja na mashine, munganga akabaki nje kwenye kiki; giza tupu. "Kanyaga!" akaita. Munganga akakanyaga. Niaminini, chini ya tangi cheche ndogo iliruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma. Waya ulikuwa umechubuka, na maji ya mvua yameingia. Kila tulipotoa buji nje tuliuvuta mbali na chuma bila kujua, ndiyo maana moto ulifika kwenye buji.

"Shika hapo," akasema. Nikashika kwa mkono wa kushoto, naye akaweka wake juu ya wangu. "Kanyaga tena!"

Cheche ikawaka. Niliona vidole vyangu. Niliona waya. Juu ya mkono wangu hapakuwa na kitu, na bado mkono ulikuwa umenikandamiza, baridi kama jiwe la mtoni. Umeme ule ungenitupa chini. Sikuusikia kabisa. Nikavuta waya kwa hofu, na pikipiki ikanguruma.

Nikatupa blanketi. Munganga alinitazama, akalitazama blanketi, akatazama mianzi. Alikuwa ameona wawili wakiingia, nami nimetoka peke yangu.

"Yule iko wapi?"

Nikaokota blanketi. Akafunga waya kwa kipande cha mpira wa baiskeli. "Panda," akasema. Mpaka leo hajanizungumzia habari ile.

Feza alipona. Wazee wa kijiji waliposikia waliniuliza neno moja tu: alikula chumvi? Nikasema hapana. Kwetu inajulikana kwamba wafu hawaonji chumvi.

Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto hausikii moto wala mwiba. Munganga aliuchoma kwa sindano, nikabaki namtazama. Juzi Feza aliniwekea mtoto mapajani, mtoto akakishika kidole changu. "Ona anavyokukaza, mujomba!" Feza akacheka. Na mimi nikacheka. Sikuwa nimesikia kitu.

Ninyi mnaopita njia ile, mtu akija kuwasaidia, mpeni kwanza chakula chenye chumvi. Akikikataa, msikubali mkono wake juu ya wenu. Ndivyo ninavyowaonya. Mimi mwenyewe, hata kama ningejua, sijui kama ningekataa. Feza alikuwa anangoja.

Kama yuko anayemfahamu mtu yule, au aliyepata kupona mkono wa namna hii, aniandikie kwa njia ya gazeti hili. Nitajibu. Mkono wa kuandikia ni ule mwingine, lakini naandika polepole.