Moshi wa Pili

Simu yangu haijashika netiwaki tangu niiache lami, na karibu na barabara kuna mtu anachoma makaa. Harufu hiyo naijua.

Nilipokuwa mtoto, kwetu hakukuwa na simu. Nyanya aliugua, na Mama akaamua kuvuka mto wa mchanga, ambao bado ulikuwa mkavu, akamuuguze ng'ambo, ingawa mvua ilikuwa imeanza kule milimani. Aliniambia, "Nikifika nitachoma majani mabichi. Moshi mmoja, niko salama. Ukiona miwili, mwambie baba yako aje na watu."

Nilikaa juu ya mwamba nikitazama ng'ambo. Moshi ukapanda, mweupe. Baadaye ukapanda mwingine kando yake. Nikashuka mbio nikipiga mayowe.

Baba na majirani watatu walivuka na kamba, maji yakiwafika magotini. Walimkuta Mama akimkorogea Nyanya uji. Moshi wa pili ulikuwa wa mchoma makaa.

Mto ukajaa nyuma yao, wakakwama huko siku mbili. Waliporudi nilijificha nyuma ya ghala, nikingoja fimbo. Mama alinitoa huko kwa mkono, akanipangusa vumbi.

"Basi," akasema, "sasa najua mtakuja."