Nilifika mezani kuchukua ruzuku ya kaya, nikakuta mtu wa mikopo ameshachukua

"Mzee wangu, yako imeshatoka."

Hivyo ndivyo karani wa malipo alivyoniambia, Jumatatu saa tano asubuhi, mimi nimekaa kwenye benchi tangu saa moja.

Nikamwambia haiwezekani dada, mimi ndiyo kwanza nasimama. Akanigeuzia daftari, akaweka kidole kwenye jina langu. Pembeni pameandikwa: imepokelewa na mwakilishi.

Mwakilishi gani? Mimi sina mwakilishi. Nina mtoto mmoja tu, na saa hiyo alikuwa nyumbani amejikunja kwenye mkeka, anauma shuka ili majirani wasisikie analia.

Wakuu, nawasalimu wote humu ndani, wakubwa zangu shikamooni. Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya mnivumilie. Jina la mtaa wetu naliacha, maana wapo watu wema pale. Ila majina ya walionifanyia hivi siachi. Mods mkifuta nitaandika tena.

Kwa wasiojua, ruzuku ya kaya ni ile pesa serikali inawapa watu ambao hali zao ni mbaya kabisa. Siyo mshahara, inakuja kwa vipindi. Wengine wanatumiwa kwenye simu, sisi tusio na laini zenye majina yetu tunalipwa mezani, na kila kaya ina kadi yake. Na kuna utaratibu kwamba kama ni mgonjwa au mzee huwezi kutembea, unaandikisha mtu wako wa kukuchukulia. Huyo ndiye mwakilishi. Wameuweka kwa huruma, wala siulaumu.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mpasua kokoto. Ukitoka mjini kwa njia ya Shinyanga, ukiipita Buhongwa, yale mawe makubwa unayoyaona ndiyo ofisi yangu miaka ishirini na kitu. Tunalichoma jiwe kwa magogo na matairi mpaka lipasuke, tunalivunja kwa nyundo kubwa, halafu mnakaa chini mnagonga kidogo kidogo mpaka iwe kokoto ya kujengea. Nyumba nyingi nzuri za Mwanza zimesimama juu ya migongo yetu, ila hilo tuliache.

Mke wangu alifariki, akaniachia Minza akiwa na miaka sita. Minza ana seli mundu. Wenye watoto hao wananielewa, mifupa inaanza kuuma bila sababu, mtoto anabadilika macho, unakimbia naye. Akimeza dawa zake kila siku anakaa vizuri, anacheza, anaenda shule. Zikikatika wiki mbili mnaijua hospitali.

Baadaye jiwe likateleza likanivunja mguu. Nikakaa ndani miezi saba. Ndipo wakaja kuandika kaya, majirani wakasema huyu aandikwe wa kwanza. Nilipopata ruzuku ya kwanza sikununua hata soda. Nilienda duka la dawa.

Mwaka huu mwezi wa tano Minza alilazwa, akaongezewa damu. Nikakwama. Jirani yangu Mama Nyamizi akanishauri nijiunge na kikundi chao cha mikopo, ile ya watu watano watano, mnalipa kila Alhamisi. Mmoja akikosa, wanne wanamchangia na hakuna kutoka kwenye kikao mpaka ipatikane. Mnaijua, wengine mnaiita kausha damu.

Bwana mikopo wetu anaitwa Deusi. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata kipindi cha matope, pikipiki yake ameifunga vitambaa kwenye vioo. Akaniambia, "Baba Minza, wewe huna friji wala tivii. Unaweka nini dhamana?"

Nikamwambia nina nyundo mbili na jembe.

Akacheka. Kikundi kizima kikacheka, na mimi nikacheka maana ilikuwa kweli inachekesha.

Akasema, "Kadi ya kaya si unayo? Iache hapa iwe amana tu, kama heshima. Ukimaliza unachukua."

Wakuu, hapo ndipo nilipokosea na sijifichi. Nikampa kadi. Nilijiona mjanja kabisa, kwamba nimepata mkopo bila kutoa hata kuku.

Nililipa. Naomba hilo mliweke akilini, nililipa wiki kumi na moja bila kukosa. Siku ambazo kokoto haikununuliwa niliuza hata mahindi ya chakula. Halafu mvua zikaja vibaya, nje ya msimu, shimo letu likajaa maji, malori hayapandi. Nikakosa wiki tatu mfululizo. Wenzangu wakanibeba wiki mbili, ya tatu wakashindwa, tukakaa pale mpaka saa kumi tunatazamana. Mama Nyamizi akaanza kulia. Hakunitukana hata mmoja, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Deusi akafunga daftari lake akasema, "Basi msihangaike. Baba Minza nitajua namna ya kumsaidia."

Tukamshukuru. Tulimshukuru jamani.

(Simu ilizima chaji, nimerudi. Aliyeuliza kwa nini nilikopa kama sina uwezo, mkuu, mtoto alikuwa anahitaji damu na nauli na chakula cha wodini. Ukiwa na jibu lingine la siku ile nipe.)

Sasa ile Jumatatu. Dawa za Minza zilikatika siku kumi kabla. Nilikuwa nahesabu siku za malipo. Jumapili maumivu yakaanza, kwenye mapaja na mgongo. Na siyo wiki ya kawaida, Jumatano na Alhamisi ndiyo ulikuwa mtihani wa darasa la saba. Mtoto wangu ni wa pili darasani, na anakosa shule kila mwezi. Alikuwa ameshanoa penseli zake tatu akaziweka kwenye mfuko wa nailoni.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi. Nachukua pesa asubuhi (kadi iko kwa Deusi, ila jina lipo daftarini na karani ananijua), napitia dawa, nampeleka kliniki mchana, akipata dripu na kulala vizuri siku mbili, Jumatano anaingia chumba cha mtihani. Imeshawahi kuwa hivyo, nilijua inawezekana.

Nikauliza pale mezani, huyo mwakilishi wangu anaitwa nani. Karani akasoma: Deusi.

Nikatoka nje. Yupo, amekaa kwenye pikipiki, anatafuna muwa. Aliponiona akashuka kabisa, akainama kidogo.

"Shikamoo Baba Minza."

"Marahaba."

Niliitikia wakuu. Mtu amechukua dawa ya mwanangu mfukoni, na mimi namwitikia marahaba, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Nikamwambia Deusi, mtoto anaumwa, nipe hata nusu. Akasema, "Mzee wangu, mimi natekeleza mkataba. Na ukiangalia vizuri nimekuokoa, ile wiki uliyokwama imelipika, na nyingine mbili mbele. Saa hizi unalala bila stresi."

Nikamwambia Jumatano ana mtihani.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu mbili. "Ya nauli hiyo, siyo ya ofisi, ni mimi binafsi."

Nikaipokea. Msinicheke. Niliipokea kwa mikono miwili.

Nilimkimbilia mwenyekiti wetu wa mtaa, Lugata, alikuwa palepale ndani. Akanivuta pembeni akasema kwa upole, "Wewe si ulikopa kweli? Dawa ya deni kulipa. Tusiwaaibishe wageni wa malipo."

Nikarudi nyumbani. Mama Nyamizi alikuwa amekaa na Minza, anamkanda miguu kwa maji ya moto. Nilipomweleza akaweka kitambaa chini. Akasema, "Na yangu vilevile. Niliona aibu kukuambia." Kwenye kikundi chetu watatu tunapokea ruzuku, na kadi zote tatu zilikuwa kwa Deusi.

Mwenye kunisaidia alikuwa mmoja tu, dada yangu Kabula, anaishi ng'ambo ya ziwa, ukishuka Kamanga unatembea kidogo. Simu yake haipatikani. Nikapanda kivuko kwa ile elfu mbili ya Deusi. Kabula hakuuliza maswali. Alikuwa na mbuzi mmoja wa kumtolea mwanaye mahari ndogo, Jumanne asubuhi akampeleka mnadani. Nikarudi Mwanza mchana.

Nilimkuta Minza macho ya njano, hawezi kugeuka. Tukambeba kwa bajaji mpaka hospitali. Manesi walitupokea vizuri sana, Mungu awabariki, walimwekea dripu hapohapo. Daktari akaniuliza mbona umechelewa baba.

Jumatano asubuhi akazinduka vizuri kidogo. Akaniangalia, akauliza, "Baba, saa ngapi?"

Nikamwambia saa moja.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilikuwa nimeigeuza simu kifudifudi ili asione.

Akasema, "Basi bado nawahi." Akalala tena.

Nimevunjwa mguu na jiwe, nimezika mke, ila sijawahi kukaa mahali pagumu kama kile kiti cha plastiki.

Tulitoka baada ya siku sita. Mtoto yupo hai, nashukuru. Mwalimu mkuu wake amesema atajaribu kumwombea afanye na wenzake wa mwakani, ni mtu muungwana. Ila Minza haongei sana siku hizi. Wenzake wanasubiri matokeo, yeye anapita njia ya nyuma kwenda kuchota maji.

Sasa sikilizeni hii ndiyo sababu nimeandika.

Muda wote huo nilijua kosa ni langu. Nilijua siku ile ya mkopo nilitia sahihi makaratasi mengi, na kwenye hayo makaratasi nikamfanya Deusi mwakilishi bila kusoma. Nilijilaumu mpaka nikakonda.

Nikaenda kumwona dada wa ustawi wa jamii, nikiwa nimeshika kofia, nimuombe tu anitolee huyo mwakilishi. Akanikaribisha, akatafuta faili, akatoa fomu. "Ni hii baba. Dole gumba lako hili hapa."

Nikaitazama ile fomu.

Wakuu, mtu aliyegonga kokoto miaka ishirini hana mistari kwenye vidole. Imeisha. Jiwe limeila. Kila malipo mimi ndiye nachelewesha foleni, nabonyeza wino dole la kulia, linatoka doa, la kushoto, doa, mpaka karani anaandika maelezo kwamba vidole vimesagika na mashahidi wawili wanasaini. Wapasua kokoto wote tuko hivyo.

Lile dole kwenye fomu lilikuwa na mistari yote, imejizungusha vizuri kama mawimbi. Dole la mtu anayeshika kalamu na usukani wa pikipiki. Au anayeshika muhuri.

Nikamwambia dada, naomba wino. Nikabonyeza mbele yake kwenye karatasi nyeupe. Doa. Nikabonyeza tena. Doa.

Akaiweka karatasi yangu kando ya fomu, akalinganisha. Halafu akaniambia kitu ambacho nataka kila mwenye kadi ya kaya humu akisikie: "Baba, hii pesa siyo dhamana ya mkopo wa mtu yeyote. Anayekudai akudai wewe, lakini hapa mezani hana kiti." Akamfuta Deusi, akamwandika Kabula. Akanipa na nakala ya ile fomu, akaniambia niende polisi. Nimeenda. Wameandika maelezo yangu, nasubiri kuitwa.

Kadi zetu tatu zimerudishwa, zilikutwa mlangoni kwa Mama Nyamizi zimefungwa kwenye gazeti. Deusi tunaambiwa amehamishwa. Deni nilibakiza wiki chache, nalipa kwa kijana mpya, sijakataa deni na sitakataa.

Nilichojifunza ni hiki. Kadi ya kaya usimwachie mtu, hata akiiita heshima. Ukifika mezani, hata kama umeshalipwa, uliza karani jina la mwakilishi wako ni nani, usikie kwa masikio yako. Na ukishindwa kulipa, sema umeshindwa, bora upigiwe kelele kuliko kumshukuru mtu anayesema atajua namna ya kukusaidia. Wanasheria wa humu, nielekezeni, nikitaka ile pesa irudi naanzia wapi? Na wengine ambao yamewakuta semeni, hata bila majina, nijue tuko wangapi.

Ila nina swali moja ambalo siyo la wanasheria.

Chini ya ile fomu kuna muhuri wa mtaa na sahihi ya Lugata, na maneno yaliyochapwa: mhusika ameweka dole mbele yangu. Mbele yake. Lugata, najua vijana wako wanasoma humu, watakuonyesha. Mimi sikuwepo hiyo siku. Sasa utuambie, mbele yako alisimama nani? Nimeshapita ofisini kwako mara nne naambiwa umetoka. Alhamisi nakuja na Minza. Mjibu yeye.